Kutoka Iqaluit hadi Resolute Bay, dira ikiwa haina kazi

Mwishoni mwa Februari jua huwa limesharudi Resolute Bay baada ya miezi mitatu ya giza. Ndipo nilipopanda ndege ya pangaboi kutoka Iqaluit, tukapitia Arctic Bay. Resolute, kijiji cha eneo la Nunavut, Kanada, iko digrii 74 na dakika 43 kaskazini, na kiwanja chake cha ndege kina njia moja ya kutulia, ya changarawe, mita 1,980 hivi. Kwenye chati njia hiyo imeandikwa 35T na 17T, yaani digrii 350 au 170 kutegemea unatokea upande gani. Herufi T maana yake mwelekeo umepimwa kwa kaskazini ya kweli, yaani ncha ya dunia, si ya sumaku inayofuatwa na dira.

Sindano ya dira huvutwa na ile nguvu ya sumaku inayolala sambamba na ardhi. Ikishuka chini ya maikrotesla 6 (kipimo cha nguvu ya sumaku), dira haiaminiki tena, na Resolute imo ndani ya eneo hilo: sumaku karibu yote inaelekea chini. Kwa hiyo rubani huweka jairo, gurudumu linalozunguka kasi na kushikilia mwelekeo wake, kwa kaskazini ya kweli, akiisahihisha kwa GPS au kwa jua. Kwa latitudo hii jairo isiyofidiwa hupotoka digrii 14.5 kwa saa, kwa sababu tu dunia inazunguka. Kifaa kina kitufe cha latitudo cha kufidia hilo. Kikiachwa kwenye latitudo ya kiwanja cha kusini, kosa hujilimbikiza kimyakimya.

Tarehe 20 Agosti 2011 Boeing 737 iliyokuwa ikitua hapa iligonga kilima mashariki ya njia, watu 12 kati ya 15 wakafa. Wachunguzi walikuta dira za ndege zimepotoka kwa digrii 17 wakati wa kushuka, na rubani wa otomatiki ameacha kufuata mawimbi ya ILS, mtambo wa redio wa ardhini unaoiongoza ndege hadi kwenye njia, bila marubani kutambua. Mtambo wenyewe ulikuwa mzima. Ndiyo maana huku mtu hasomi chombo kimoja peke yake: mwelekeo wa jairo, GPS na mshale wa ILS lazima vikubaliane, na visipokubaliana ndege inapanda kwanza, maswali baadaye.

Theluji nayo ina yake. Antena ya ILS inayotoa pembe ya kushuka hutumia ardhi iliyo mbele yake kama kioo cha kurudisha mawimbi. Katika muundo wa kawaida wa pembe ya digrii 3, antena ya juu hukaa mita 8.6 hivi kutoka ardhini. Theluji nzito ya sentimita 30 ikiinua kioo hicho, pembe hupanda hadi digrii 3.1. Theluji kavu hupitisha sehemu ya mawimbi, kwa hiyo kina peke yake hakitoshi kukuambia kitu. Ya tabaka la barafu ndiyo mbaya zaidi. Kipimio kilicho karibu na antena kikihisi pembe imetoka nje ya mipaka, mtambo hujizima wenyewe. Fundi asiyejua hilo ataanza kufungua kabati la mtambo, kumbe kinachotakiwa ni greda la theluji.

Mnara wa kudumu wa waongoza ndege haupo. Anayejibu redioni anakupa upepo, mgandamizo wa hewa na hali ya njia. Ruhusa ya kutua si kazi yake. VHF, redio ya kawaida ya ndege, husikika kwa mstari wa kuonana tu: ndege ikiwa futi 10,000 ni kilomita 230 hivi, ikishuka futi 1,000 zinabaki 70. Mbali zaidi ni HF, redio ya mawimbi mafupi yanayodundia angani, na HF ya ncha ya dunia ina tabia ya kufa ghafla. Chembe za protoni zinazotoka kwenye mlipuko wa jua hufanya tabaka la chini la anga la juu linywe mawimbi yote, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Jaribu kwanza masafa ya juu zaidi, maana hunywewa kidogo. Ukikosa, tumia simu ya setilaiti ya Iridium, ambayo setilaiti zake 66 hukutana karibu na ncha.

Dishi la mawasiliano ya kijiji, la setilaiti zinazokaa juu ya ikweta, linatazama upeo wa macho, chini ya digrii 7. Mwishoni mwa Februari, na tena katikati ya Oktoba, jua la mchana hupita nyuma ya setilaiti na kelele zake hukata mawasiliano kwa dakika chache kila siku. Usiguse dishi, litarudi lenyewe.

Ukiendelea hadi kijiji cha Grise Fiord kwa Twin Otter, ndege ndogo ya pangaboi, njia ya kutulia ni ya mita 500 hivi. Kwenye viwanja vidogo vya aina hiyo rubani huwasha taa za njia mwenyewe kwa kubonyeza kitufe cha maikrofoni ya redio mara 7 ndani ya sekunde 5 kwa mwanga mkali, 5 kwa wa kati, 3 kwa hafifu, na taa hukaa dakika 15 hivi. Ukibonyeza polepole, au mlima ukiwa katikati, haziwaki.

Redio ya mkononi weka ndani ya koti, maana betri hupoteza nguvu nyingi kwenye baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri. Waya wa PVC usiukunje nje, utapasuka. Na kifaa kilichokaa nje kifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa kabla ya kukiingiza ndani, kikae humo saa kadhaa hadi kipate joto la chumba. Ukikifungua mapema, unyevu wa chumba hutonesha maji juu ya sakiti, nawe ukiwasha umeshaiunguza.