Safari za kikazi kutoka Tanga: hesabu kulala kabla ya kuhesabu nauli

Mhasibu akiambiwa apunguze gharama za safari, cha kwanza kukigusa ni nauli. Anawahamisha watu kutoka basi la daraja la juu kwenda la kawaida, anaokoa elfu kumi kwa kichwa, anaandika ripoti. Huku nyuma mtu huyohuyo kalala Dar mara mbili kwa ajili ya kikao cha saa moja na nusu, na kila kulala kumekula zaidi ya nauli ya kwenda na kurudi. Kwa kampuni iliyoko Tanga, iwe ya saruji, ya mkonge, ya uwakala wa forodha au duka la pembejeo lenye matawi Muheza na Korogwe, pesa ya safari inavujia kwenye kulala. Nauli ni chenji.

Tazama ratiba. Basi linalotoka kituo cha Kange, Tanga, saa 12 asubuhi, njia ikiwa nzuri, linafika kituo cha Magufuli pale Mbezi kwenye saa 6 mchana. Umbali ni kama kilomita 350 kupitia Segera na Chalinze. Toa saa moja na nusu ya kushuka, kula na kuingia mjini, mtu yuko tayari kwa miadi ya saa 8 mchana. Miadi ya pili iwekwe kesho yake saa 3 asubuhi, na saa 7 au 8 mchana yuko ndani ya basi la kurudi. Amelala mara moja, amefanya kazi mbili.

Miadi hiyohiyo ikipangwa na mtu asiyefikiria njia, inawekwa saa 2 asubuhi. Msafiri lazima aondoke jana yake. Kikao kinaisha saa 5, anasema "kuna ofisi nyingine nataka kuipitia", basi zuri linampita, analala tena. Kulala mara mbili kwa kazi moja. Tofauti yote hapa imeletwa na saa ya miadi, na saa ya miadi huombwa kwa simu ya dakika mbili. Mpe mtu mmoja ofisini jukumu hilo: hakuna miadi ya Dar inayokubaliwa kabla hajaitazama.

Siku mbili za kukwepa. Jumatatu asubuhi, kwa sababu inamtoa mtu nyumbani Jumapili na kuna posho ya siku ambayo hakuna ofisi iliyofunguliwa. Na Ijumaa mchana: ofisi nyingi husimama kwa swala, kikao cha saa 6 kinasogea hadi saa 9, halafu "basi limeniacha", na wikendi nzima inaingia kwenye hati ya madai. Jumanne hadi Alhamisi ndizo siku za safari.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wakubwa hawapendi kulisikia. Posho ya kiwango kimoja kwa kila usiku ni zawadi kwa anayechelewa. Mfanyakazi anayelipwa laki moja kwa usiku na kulala kwa shemeji yake Tandika ana sababu laki moja za kutomaliza kazi leo. Wala si mwizi. Utaratibu wenyewe ndio umemwelekeza huko. Dawa ni mbili, na zinafanya kazi zikiwa pamoja. Ya kwanza, idadi ya kulala inaandikwa kwenye kibali cha safari kabla mtu hajaondoka, na anayeiandika ni mkuu wa idara anayeijua kazi, asiwe msafiri mwenyewe. Ya pili, ukiidhinisha kulala mara mbili na mtu akamaliza kwa mara moja, mwachie sehemu ya alichookoa. Posho ikiwa 100,000, mpe 40,000, kampuni ibaki na 60,000. Wako wahasibu watakaosema huko ni kulipa kwa kazi ambayo haikufanyika. Basi waendelee kulipa 100,000.

Posho yenyewe igawanywe. Mgawanyo unaofaa ni kama asilimia 60 malazi, 30 chakula, 10 mambo madogomadogo. Ukishaigawa, mambo matatu yanajisahihisha. Siku ya kurudi haina malazi, kwa hiyo hailipwi posho kamili. Mwenyeji akigharamia chumba, kile cha malazi kinatoka. Semina yenye chakula cha mchana inapunguza cha chakula. Bila mgawanyo kila mara ni mabishano mapya, na mwenye mdomo ndiye anayeshinda. Na posho ya safari inayolipwa kila mwezi hata mtu asipotoka ofisini, mkaguzi wa kodi ataiona kuwa ni mshahara. Usijidanganye kwa jina uliloipa.

Gari la kampuni ndilo linalodanganya zaidi ya vyote, kwa kuwa linaonekana ni la bure. Tufanye hesabu ya kwenda Dar na kulala mara moja, kwa bei za mfano tu, weka zako. Kwenda na kurudi kilomita 700, mizunguko ya mjini 60, jumla 760. Land Cruiser ya dizeli inayokwenda kilomita 8 kwa lita itakunywa lita 95. Lita ikiwa 2,900, mafuta ni 275,500. Matairi manne ya 1,400,000 yanayodumu kilomita 50,000 ni shilingi 28 kwa kilomita. Sevisi ya 300,000 kila kilomita 5,000 ni shilingi 60. Hiyo ni 88 mara 760, sawa na 66,880. Posho ya dereva, 80,000. Jumla 422,380, na hapo bima na kuchakaa kwa gari lenyewe hatujavigusa.

Mtu mmoja kwa basi, nauli 25,000 mara mbili, teksi za mjini 80,000 kwa siku mbili: 130,000. Watu wanne wakipanda basi na kuchangia teksi moja: 280,000. Gari bado liko 422,380. Wanaodhani gari linalipa likijaa watu hawajawahi kuijumlisha posho ya dereva na tairi.

Gari linalipa pale linapobeba mzigo, au safari inapokuwa na vituo vingi visivyo na usafiri wa uhakika. Mtu wa mauzo anayepita Muheza, Korogwe, Mombo na kurudi atapoteza siku nzima akingoja daladala. Gari linamaliza mzunguko huo na jioni yuko kwake. Kanuni inayofaa mkoa huu: ukiweza kufika kwa saa mbili na nusu, hulali. Pangani, Muheza, Korogwe na Mombo zote zimo. Lushoto inakaribia, ila kilomita 33 za kupanda kutoka Mombo usizihesabu kwa kasi ya lami ya tambarare, na mvua za masika zikishuka milima hiyo humwaga udongo barabarani. Masika, ruhusu kulala Lushoto. Kilindi ruhusu wakati wote.

Mafuta yanataka daftari, na daftari linataka njia moja tu ya kupima: tangi hadi tangi. Dereva anajaza hadi juu, anaandika kilomita za kwenye dashibodi. Akijaza tena hadi juu, kilomita alizotembea gawanya kwa lita alizoweka. Ukimruhusu aweke "ya elfu hamsini" leo na "ya elfu thelathini" kesho, hakuna hesabu itakayokaa. Gari lililokuwa likienda kilomita 8 kwa lita likishuka hadi 6.5, chunguza kwa mpangilio huu: upepo wa matairi, kichujio cha hewa, nozeli, breki zinazoshika, halafu dereva. Watu huanza na dereva, wanaharibu uhusiano, kumbe breki ya nyuma ilikuwa inasugua. Lakini risiti ya lita 95 kwa tangi la lita 80, hiyo haihitaji fundi.

EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hutofautiana wilaya kwa wilaya. Kwa kuwa meli za mafuta hushusha bandari ya Tanga pia, mjini mara nyingi ni nafuu kuliko huko juu milimani. Jaza kabla ya kutoka. Faini za mwendo zilipwe na dereva. Za taa mbovu au tairi kipara zilipwe na kampuni. Iandikwe hivyo kwenye kanuni ya magari, na namba ya gari ikaguliwe kila mwisho wa mwezi kama ina deni la trafiki.

Risiti. Hapa kampuni nyingi zinapoteza pesa bila hata mtu kusafiri vibaya. Kodi ya mapato ya kampuni ni asilimia 30 ya faida, na matumizi yasiyo na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, yanakataliwa. Kwa kampuni yenye faida, chumba cha 100,000 chenye risiti halali kinagharimu 70,000 baada ya kodi. Chumba cha 85,000 kisicho na risiti kinagharimu 85,000. Kile cha "bei poa bila risiti" ndicho ghali. Kwa hiyo orodhesha nyumba za wageni mbili tatu kila mji mnaoenda mara kwa mara, zenye mashine inayofanya kazi, na uzungumze nazo bei ya mwaka. Usiombe punguzo kwa maneno matamu, peleka idadi: "mwaka jana tulilala kwenu na kwa jirani yenu mara 60, mwaka huu zote zije kwenu kwa bei gani, chai ya asubuhi ikiwemo?" Chai ya asubuhi ikishaingia kwenye bei ya chumba, inatoka kwenye posho ya chakula.

Risiti iwe na jina la kampuni na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi. Kila msafiri abebe kadi ndogo yenye namba hiyo, kwa sababu mhudumu wa pampu hatasubiri mtu apige simu ofisini. Ipigwe picha siku hiyohiyo: karatasi ya EFD hufifia kwa joto, na ikikaa wiki juu ya dashibodi kwa jua la Tanga inarudi kuwa karatasi nyeupe. Mhasibu naye aukague kwa simu msimbo wa QR kabla ya kuilipa, maana risiti za kuokota chini kwenye vituo vya mafuta ni biashara ya zamani. Tiketi mtandao ya basi inasaidia pia kwa njia isiyotarajiwa: ina tarehe na saa ya kuondoka. Aliyedai kulala Jumanne na tiketi yake ya kurudi ni ya Jumanne saa 7 mchana hana la kusema.

Masurufu, yaani pesa ya safari, yatolewe siku moja kabla ya safari na yarejeshwe ndani ya siku saba tangu kurudi; asiyerejesha hapewi mengine. Kampuni hushika sana sharti la pili na kulisahau la kwanza. Mtu aliyesafiri kwa pesa yake, akasubiri wiki tano kurudishiwa, safari ijayo atajilipa riba mwenyewe ndani ya madai. Ukichelewesha, umeagiza udanganyifu.

Mengine nitayapita haraka. Safari ya kufuatilia karatasi serikalini iulizwe mara mbili: usajili wa kampuni uko BRELA mtandaoni, zabuni za serikali ziko kwenye mfumo wa mtandaoni wa NeST tangu 2023, leseni za biashara za halmashauri ziko kwenye mfumo wa TAUSI. Mafunzo ya watu sita Dar kwa siku tatu ni malazi ya watu sita. Mkufunzi mmoja akiletwa Tanga ni malazi ya mtu mmoja, na ukumbi wa ofisi mnao. Kwenda Dodoma, usimteremshe mtu hadi Dar kufuata treni ya SGR, kwani kutoka Chalinze anarudi nyuma zaidi ya kilomita 100. Basi la kupitia Chalinze limfikishe Morogoro aipandie hapo, tiketi ikiwa imeshakatwa mtandaoni na kitambulisho kiko mfukoni.

Ndege ndogo ya Tanga kwenda Dar ina maana pale tu inapofuta kulala: bosi anaondoka asubuhi, anarudi jioni. Ikiwa atalala hata hivyo, apande basi. Fundi asipande ndege na sanduku lake la spana, kwa kuwa ndege hizi mara nyingi huruhusu kilo 15. Sanduku litangulie kwa basi kama kifurushi, kwa stakabadhi, na thamani yake iandikwe.

Wa Mombasa kupitia Horohoro wanahitaji mambo mawili kabla ya kuondoka. Gari liwe na kadi ya njano ya bima ya COMESA na barua ya kampuni inayomruhusu dereva kulivusha, la sivyo siku inaishia mpakani. Na kifurushi cha intaneti cha kule kinunuliwe kwa laini ya Kenya. Laini ya nyumbani ikiachwa wazi baada ya Lunga Lunga, bili ya data inaweza kupita bili ya chumba.

Ukitaka kuanza Jumatatu hii, toa hati za safari za miezi mitatu iliyopita, chora safu tano: aliyesafiri, kazi, saa ya miadi ya kwanza, saa ya miadi ya mwisho, mara alizolala. Usiandike pesa kwanza. Zungushia duara kila mstari ambao miadi ya kwanza ni kabla ya saa 4 asubuhi au ya mwisho ni baada ya saa 8 mchana. Hiyo mistari ndiyo ya kupigia simu.