Namba niliyoikariri kabla ya kukamatwa mara ya pili

Mara ya kwanza naingia mahabusu sikuwa na VVU. Nasema hivyo kwa sababu nilikuwa nimepimwa miezi michache kabla, Kirumba, jioni walipokuja watu wa afya na hema lao. Nilipotoka nilikuwa navyo. Siwezi kuapa kwamba nilivipata ndani, maana nje nako sikuwa malaika. Ila nikihesabu mabomba ya sindano niliyochangia na watu nisiowajua hata jina, mengi yako upande ule wa ukuta.

Unga, yaani heroini, nilijifunzia Dar nikiwa konda. Nilianza na kokteli, yaani unga ndani ya sigara ya bangi, nikahamia kwenye kuvuta, mwisho sindano, kwa sababu kete ile ile ukijidunga inakufikisha mbali zaidi na hela ilishaanza kugoma. Nikarudi Mwanza nimekauka kama kayabo, nikawa nabeba magunia ya dagaa pale soko la Mwaloni. Polisi wakipita na msako, mateja tunazolewa kwa uzembe na uzururaji, hata kama gunia liko mgongoni.

Arosto ya mtaani, yaani mateso ya kukosa unga, unaweza kuikimbia: utaomba, utakopa, utaiba. Ya ndani inakukuta umelala ubavu mmoja, kwa sababu nafasi ya kulala chali haipo, na kugeuka mnageuka wote kwa amri ya nyapara. Nilitapika, nikaharisha, nikapiga miayo mpaka taya likauma. Hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Walijua.

Siku ya tano unga ukaingia. Usiniulize uliingiaje. Watu tulikuwa saba na bomba lilikuwa moja, namba zake zimefutika kwa kushikwashikwa, sindano yake imenolewa kwenye ubavu wa kibiriti hadi imepinda. Tulikuwa na kikombe kimoja cha maji ya kusuuzia. Yalipomfikia mtu wa tatu maji yalishakuwa mekundu, na wote tuliyaona. Leo najua kwamba maji hayaui virusi, na kwamba ndani ya bomba lenye mabaki ya damu vinaweza kukaa hai hata wiki kadhaa. Siku ile nilichokuwa najua ni zamu yangu tu.

Methadoni, dawa ya kunywa inayochukua nafasi ya unga na kuzuia arosto, ilianza Muhimbili mwaka 2011, na sisi wa Mwanza tulikuwa tunaisikia kama habari za nchi nyingine mpaka huduma ilipofika hospitali yetu ya Sekou Toure. Mimi nilipelekwa na mwelimishaji rika, teja mwenzangu wa zamani, aliyenifuata kijiweni mara nne. Mara tatu za kwanza nilimtukana. Nilikuwa nakwenda kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, nakunywa mbele ya mtoaji dawa, kisha ananisemesha ili ajue nimemeza. Na ARV, dawa za kufubaza VVU, nikaanzishwa, kidonge kimoja kwa siku.

Sista mmoja pale ndiye aliyeniambia maneno ambayo mwanzoni yaliniudhi.

"Utakamatwa tena."

"Sista, mimi nimeacha."

"Umeacha wewe. Anayekukamata hajaacha."

Akanieleza kwamba kuna uchambuzi ulikusanya tafiti za nchi nyingi, ukachapishwa mwaka 2018: kwa mtu anayejidunga, kuwa ametoka kifungoni karibuni kunaongeza hatari ya kupata VVU kwa asilimia 81, na homa ya ini aina ya C kwa asilimia 62. Mimi nilishavipata, nikamwambia hizo hesabu zimenichelewa. Akasema hazijachelewa kwa watakaokuwa na mimi selo. Halafu akaniuliza, ukikamatwa kesho nani atajua unakunywa miligramu ngapi? Nikamwonyesha kadi yangu mfukoni. Akacheka, akasema mfuko wako utabaki kaunta pamoja na mkanda na viatu.

Basi tukafanya hivi. Dada yangu mkubwa, anayeuza dagaa Mwaloni, alipiga picha kadi zangu zote mbili, ya methadoni na ya CTC, kliniki ya VVU, akazitunza kwenye simu na nakala akaichapisha stesheneri. Mimi nikaikariri namba yake ya simu. Unaweza kuona ni jambo dogo, lakini jaribu sasa hivi: namba ngapi unazo kichwani bila simu? Nilikuwa sina hata moja. Ilinichukua wiki.

Nilikamatwa Ijumaa, natoka kunywa dawa. Nilisimama kusalimiana na watu niliowahi kukaa nao kijiweni, na gari likatukuta. Ukikamatwa Ijumaa ujue mahakamani ni Jumatatu. Kaunta nikamwambia afande, "Mimi niko kwenye methadoni, naomba nipige simu nyumbani." Akasema nyie mateja mna maneno mengi. Nikaomba tena zamu ilipobadilika usiku, kwa afande mtu mzima kidogo, safari hii nikianza na shikamoo. Akanipa simu yake. Nikaitaja namba bila kukwama, na dada akapokea.

Kuhusu VVU sikusema kaunta. Hilo tulishalipanga na sista: methadoni itaje kwa sauti, maana uteja wako wanauona, hali yako nyingine msubiri mhudumu wa afya. Selo moja, masikio thelathini.

Jumatatu sikupata dhamana, nikapelekwa gerezani. Jumanne dada alifika getini na kopo langu la ARV, wakamrudisha nalo. Walisema dawa za kutoka nyumbani haziingii. Alilia pale nje, aliniambia baadaye, halafu akafuta machozi akapanda daladala kwenda kliniki. Kumbe dawa zipo kwenye zahanati ya ndani. Kilichokosekana ni barua ya kuonyesha kwamba mimi ni mgonjwa wa kliniki fulani, natumia dawa fulani, toka tarehe fulani. Picha zile za kadi ndizo zilizofanya barua iandikwe mchana ule ule. Bila namba ya usajili wangemwambia arudi na mimi.

Sasa usiku wa Jumatatu. Nilikuwa na siku tatu bila methadoni, mwili umeshaanza kunidai. Dogo mmoja, sidhani kama alikuwa na miaka ishirini na mbili, alikuja akanong'ona, "Braza, kuna kitu. Tuchange." Nilikataa. Alipokuja mara ya pili nilikaa kimya, na selo nzima inajua maana ya kukaa kimya. Wakanipanga wa pili.

Nilipoliona bomba nikakumbuka kile kikombe. Nikasema, "Mimi nina VVU." Nilisema taratibu, lakini walisikia. Kuhusu ngono tumefundishwa kwamba virusi visipoonekana kwenye kipimo humwambukizi mwenzako. Kwa bomba hakuna daktari aliyewahi kunipa ahadi hiyo. Nilidhani watanifukuza. Wakanong'onezana, kisha mkubwa wao akaamua, "Basi wewe utakuwa wa mwisho."

Hiyo ndiyo busara ya selo. Kana kwamba bomba lilizaliwa usiku ule. Kana kwamba wale waliotangulia wote walikuwa wamepima.

Ningependa kuandika kwamba nilisimama nikaondoka. Sikuondoka. Nilikaa nikingoja, na damu ikaganda ndani ya sindano kabla zamu yangu haijafika. Walihangaika nayo, wakaipuliza, wakaichokoa kwa uzi wa blanketi, ikagoma. Sikujidunga usiku ule kwa sababu bomba liliziba. Watu kanisani kwetu wanapenda niseme ni maombi ya mayu, mama yangu, na mimi siwabishii.

Jumatano nilipelekwa kliniki chini ya ulinzi, pingu mikononi. Watu niliozoea kupanga nao foleni walitazama chini kwa heshima, wengi wetu tumeshapitia hayo. Nilikuwa nakunywa miligramu 85. Sista akanipimia pungufu sana, nikakasirika. Akasema, "Umekosa siku nne, mwili umeanza kusahau. Nikikupa ile ile utalala moja kwa moja." Wakawa wananipandisha kidogo kidogo. Hapo ndipo alipomweleza askari aliyenileta, kwa upole kabisa, kwamba mtu wa unga aliyekaa ndani bila kutumia akirudia kipimo chake cha zamani siku za kwanza anapotoka, ndiyo hizo siku tunazowazika. Yule askari akawa wa kwanza kukumbusha muda wa kuondoka kila asubuhi. Na zahanati ya ndani ikanipa ARV siku hiyo hiyo. Nilikosa vidonge vya siku tano. Nilipopimwa wingi wa virusi baadaye, bado havikuonekana.

Nilikaa siku 23, kesi ikafutwa.

Dogo naye alitoka, akanifuata Mwaloni baada ya muda, akajifanya anatafuta kibarua cha kubeba. Nikamwambia twende kupima. Dawa ya kuzuia maambukizi inatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, na yeye saa hizo zilishapita ndani, hakuna aliyemwambia. Kipimo chake kilikuwa salama. Akaambiwa arudie baada ya miezi mitatu, kwa sababu maambukizi mapya kipimo kinaweza kisiyaone. Ile miezi mitatu alikuwa hashikiki. Akaanza methadoni kabla haijaisha.

Dada amekubali namba yake iwe na ya dogo pia, kwa kuwa mama yake yuko kisiwani Ukara na mtandao wa huko unakuja na kuondoka. Dogo alitaka kuiandika kwa ndani ya mkanda. Nikamwambia mkanda unabaki kaunta. Akataka kuichora tatuu mkononi. Nikamwambia sindano nyingine ya kuchangia sitaki kuisikia. Ikabidi nimfundishe kama nilivyojifunza mimi, kwa sauti ya konda, namba mbili mbili kama unaita abiria. Sasa anabeba magunia kutoka kwenye mitumbwi huku anaiimba, na wale mama wa dagaa wanadhani ni wimbo mpya.