Mafuta yaliyokwisha kukaanga: namna ya kuyauza Lubumbashi bila kupunjwa

Bidoni la lita 20 la mafuta yaliyochoka lina kilo 18 na nusu hivi, halifiki 20. Mafuta ya kula ni mepesi kuliko maji: lita moja ni gramu 920 tu. Mwenye mgahawa asiyejua hesabu hii huibiwa mchana kweupe, kwa sababu mnunuzi wa pikipiki anayezunguka mitaa yetu ya Kenya na Katuba hutaja bei ya bidoni, na mwenye kiwanda cha sabuni hutaja bei ya kilo. Halafu tazama bidoni lenyewe. Lile la lita 20, likijazwa hadi mdomoni, hupokea zaidi ya 21, na likiwa limevimba kwa jua hupokea zaidi tena. Nunua mzani wa kuning'iniza wa kilo 50, pima bidoni tupu, pima lililojaa, toa. Bei iwe ya kilo, basi.

Lakini mzani hausaidii kitu kama ndani kuna maji. Maji ndiyo yanayoshusha bei kuliko rangi nyeusi, kuliko harufu, kuliko mabaki ya mikate ya kukaanga. Lita moja ya maji ndani ya bidoni ni asilimia 5, na hakuna mnunuzi mzoefu atakayeilipia. Yanatoka wapi? Viazi vilivyooshwa vikatupwa kwenye mafuta bila kukaushwa. Samaki wa tomsoni mwenye barafu. Mfuniko uliofunikwa mafuta yakiwa ya moto, mvuke ukageuka matone na kurudi ndani. Na chanzo kikubwa kuliko vyote: anayeosha sufuria anamimina maji ya kwanza ya kusuuzia kwenye bidoni lile lile, kwa sababu yana mafuta na anaona ni hasara kuyatupa. Maji hayo yana sabuni pia. Kikombe kimoja chake kinaharibu kazi ya siku tatu. Weka sheria moja jikoni: anayekaanga ndiye anayejaza bidoni, muoshaji haligusi.

Kabla ya kuyauza, jua wakati wa kuyatoa. Ubelgiji inakataza kukaanga juu ya nyuzi 180, na inataka mafuta yatupwe vitu vilivyoharibika ndani yake vikizidi asilimia 25. Kupima asilimia hiyo kunahitaji kifaa, lakini macho yanatosha: povu dogo dogo linalopanda na kukataa kushuka, moshi unaotoka kabla hata viazi havijaingia, mafuta yanayonata kwenye kijiko kama asali. Ukiona viwili kati ya hivyo, yatoe. Ukisubiri zaidi chakula kinaharibika na bidoni nalo linakosa mnunuzi. Pia usishangae yakipungua. Viazi vya kukaanga huondoka na mafuta ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito wao, kwa hiyo kilo 10 za chipsi zimekwenda na zaidi ya lita moja. Mpishi hajaiba.

Kazi ya jioni yenyewe ni fupi. Zima moto, acha mafuta yapoe hadi nyuzi 50 au 60. Kipimajoto cha jikoni ni bei ndogo. Kama hakuna, acha yalale hadi asubuhi. Ukimimina yakiwa ya moto, plastiki inalegea, chini inavimba, siku moja bidoni linapasuka njiani. Yakipoa kabisa nayo hupita kwenye kitambaa polepole zaidi. Chuja mara mbili: kwanza chujio la waya kwa makombo makubwa, kisha kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara mbili. Usikamue kile kitambaa. Wengi hukamua ili wapate nusu kikombe zaidi, na unga mweusi wote unapita. Kiache kidondoke chenyewe.

Halafu mafuta yakae siku mbili bila kusogezwa. Maji na unga mzito vinashuka chini. Siku ya tatu mimina polepole kwenye bidoni la kuuzia na uache lita moja au moja na nusu ya mwisho. Hiyo ni tope, usijaribu kuiokoa. Changanya na unga wa mbao, tumia kuwashia makala (makaa) nje ya nyumba.

Wengine huchemsha mafuta ili kuyakausha. Inawezekana: hapa kwetu, mita 1,200 na zaidi juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo mafuta yakifika 110 na mapovu yakiisha, yamekauka. Ila mafuta yenye maji yakipashwa haraka hufurika na kumwagikia kwenye mbabula (jiko la makaa), na moto wa mafuta hauzimwi kwa maji. Funika kwa mfuniko wa chuma. Kwa bei ya makala ilivyo, mimi naona kusubiri siku mbili ni rahisi zaidi.

Kuhusu vyombo, neno moja la mji huu. Jimbo letu liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997, na vyuma vya shaba tunavyo kila kona, lakini usiache shaba iguse mafuta. Bomba la shaba nyeupe au nyekundu kwenye pipa huharakisha kuvunda, na ukitazama pembeni ya bomba utaona mafuta yameanza kuwa ya kijani. Mabati yaliyopakwa zinki nayo huliwa na asidi ya mafuta yaliyochoka. Tumia plastiki ngumu, au pipa la chuma cheusi la lita 200. Na bidoni lililokuwa na mazutu (dizeli), esanse (petroli) au mafuta ya vidanje (oili chafu ya gari) lisiingie jikoni hata likioshwa mara kumi. Kikombe cha vidanje kikichanganyika kwenye pipa, pipa zima limekufa: mafuta ya gari hayageuki sabuni, na hakuna namna ya kuyatoa. Mafuta ya ng'ombe na ya nguruwe yawe na bidoni lake, maana huganda na kuziba.

Mnunuzi mzuri utamjua kwa vipimo vyake. Anatoa mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, anauzamisha hadi chini ya bidoni, anaziba juu kwa kidole gumba, anauvuta. Ndani ya mrija unaona tabaka: mafuta juu, ukungu katikati, maji chini. Anayefungua mfuniko, kunusa na kusema "Mama, haya ni mabaya, nikupe nusu" hajapima kitu. Fanya kipimo chako mbele yake: kijiko kimoja cha mafuta kutoka chini ya bidoni kwenye kikaango cha moto. Yakinyamaza, ni makavu. Yakitoa mlio wa pa-pa-pa na kuruka, yana maji, na hapo bishana kwa adabu.

Mnunuzi wa sabuni na yule wa dizeli ya mimea (dizeli inayotengenezwa kwa mafuta ya kula) hawaogopi vitu vile vile. Wa sabuni hajali sana asidi, kwa sababu asidi nayo hugeuka sabuni. Anajali rangi, harufu, chumvi na maji. Bidoni lako la kilo 18 litamla soda kostiki kilo 2 na nusu hivi, ndiyo gharama yake kubwa, na ukiijua unajua anavyopiga bei. Wa dizeli hutumia methanoli, mililita 200 kwa kila lita ya mafuta, na asidi ikiwa nyingi nusu ya kazi yake inageuka povu la sabuni. Huyo atakuuliza asidi ni asilimia ngapi, na anapenda isizidi 5.

Unaweza kuipima mwenyewe. Yeyusha gramu 1 ya soda kostiki katika lita 1 ya maji ya betri (yale ya kuongezea, usichanganye na asidi ya betri). Chukua mililita 1 ya mafuta, mililita 10 za alkoholi ya isopropili, na matone machache ya manjano yaliyolowekwa katika alkoholi hiyo hiyo. Kwa bomba la sindano dondosha maji ya soda huku unatikisa, hadi rangi ya njano igeuke nyekundu ya matofali na ibaki hivyo nusu dakika. Kila mililita uliyotumia ni asilimia 0.75 ya asidi, karibu hivyo. Mililita 3 ni mafuta mazuri. Mililita 9, mpelekee wa sabuni.

Kwa mnunuzi wa tatu sina neno zuri: yule anayechuja tena na kuyauza sokoni kwa mama wa mikate kwa bei ya chini. Hapimi, haulizi, analipa haraka. Kuna njia ya kumjaribu. Mwambie kila bidoni litatiwa soda kidogo kabla ya kutoka: gramu 50 za soda kostiki zilizoyeyushwa katika glasi ya maji, kwa glavu na miwani, soda ndiyo inayotiwa kwenye maji, usimwage maji juu ya soda. Mafuta hayo ni vigumu kuyarudisha kikaangoni, yanatoa povu na ladha ya sabuni. Wa sabuni atacheka tu, maana soda angeitia mwenyewe. Yule mwingine atakumbuka kwamba ana safari. (Kwa wa dizeli usifanye hivyo, utamharibia, kwake andika SI YA KULA kwa rangi nyekundu pande zote za bidoni.)

Majira nayo yana hila. Mwezi wa sita na wa saba usiku ni baridi, mafuta ya mawese meupe yanaganda, na maji yanabaki yametawanyika ndani bila kushuka. Kipimo cha mrija kinadanganya. Weka bidoni juani tangu asubuhi, au ndani ya beseni la maji ya moto, kamwe si karibu na mbabula. Mwezi wa kumi kuna joto kali, mafuta yanavunda upesi: uza kila wiki mbili. Mvua zikianza, usiache pipa limesimama nje hata kama kizibo kimekazwa. Mchana hewa ya ndani inapanuka na kutoka, usiku inajivuta, na maji yaliyotuama juu ya pipa yanaingia nayo kidogo kidogo.

Vitambaa vya kuchujia visirundikwe kwenye kona. Rundo lenye mafuta hujipasha lenyewe na linaweza kushika moto usiku. Vianike vimoja vimoja, au vitie kwenye ndoo ya maji.

Katika daftari andika tarehe, kilo, bei, na jina la aliyechukua, naye atie sahihi. Na kama mnabadilishana mabidoni, angalia lile analokurudishia. Mara nyingi limeoshwa vizuri na bado lina nusu glasi ya maji chini. Lipindue mdomo chini usiku mzima kabla ya kulijaza.