Fagio badala ya seli

Leo mdogo wangu amemaliza kifungo chake cha nje. Miezi minne amefagia zahanati ya hapa kwetu na kufyeka nyasi uani, anasaini daftari, jioni analala nyumbani na wanawe.

Mara ya kwanza mambo hayakuwa hivi. Alishindwa kulipa faini, akaenda jela. Kibarua kikaota nyasi, mkewe akarudi kwao, naye akatoka na namba za simu za watu ambao sikutaka wajue hata geti letu. Haukupita muda, akakamatwa tena. Ashukuriwe Mungu, safari hii hakimu aliamua vingine.

Sheria ya Huduma kwa Jamii ipo Kenya tangu 1998, na inahusu vifungo visivyozidi miaka 3. Mbona basi bado tunamlaza mwizi wa kuku ubavuni mwa jambazi wa bunduki? Aliyeua au kubaka afungwe, hapo sina ubishi.

Jana muuguzi amemwomba abaki, sasa kwa malipo. Alinionyesha viganja vyake, vimeota sugu za fyekeo. Nikavishika, nikalia.