Kuku Niliyemchukua Jumamosi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Tafakari ya wiki hii imechelewa. Wengine mmepiga simu kuuliza kama naumwa. Siumwi. Nimekaa siku nne nikipambana na kuku mmoja, na mpaka jana nilikuwa sijui nianzie wapi.

Jumamosi tulizunguka kukusanya michango ya jubilei ya parokia: mimi kama mweka hazina, katibu, na kijana wa kutubebea mizigo. Utaratibu mnaujua. Kila kaya ina kiwango chake kwenye daftari, na asiye na fedha hutoa alichonacho, debe la mahindi au mkungu wa ndizi. Saa saba mchana tukafika kwa mama mmoja mjane. Jina lake silitaji. Fedha hakuwa nayo, kahawa yake ilikuwa haijalipwa. Akatukaribisha hivyohivyo, akatupakulia ndizi za nyama, na nyama ilikuwa kidogo na yote tukawekewa sisi. Tulipokuwa tunanawa mikono, katibu akasema kwa utani, "Mama, na yule kuku anayetuangalia?" Tukacheka. Na yeye akacheka. Halafu akamtuma mjukuu wake amkamate.

Alikuwa tetea. Tukaandika daftarini "kuku 1". Ndizi hatukuandika. Usiku kamati ilikuwa na kikao nyumbani kwangu, kuku akachinjwa, na mimi nikawekewa firigisi kwa heshima ya umri. Nikaila. Nikalala usingizi mzuri kabisa, usingizi wa mtumishi mwema.

Kesho yake ilikuwa Dominika ya tatu ya Majilio. Padre kavaa rangi ya waridi, sisi wa benchi la mbele tumependeza. Injili ni ya Luka, Yohane pale Yordani. Makutano wanamwuliza tufanye nini, watoza ushuru nao wanauliza, na mwisho askari. Nimeisikia Injili hiyo tangu nikiwa mtumishi wa altare, na miaka yote askari wale wamekuwa watu wengine, watu wa kofia za chuma na mikuki, wa zamani, wa mbali. Safari hii walipouliza "na sisi je, tufanye nini?", nilisikia ladha ya firigisi mdomoni.

Wengi wenu mnajua nilifundisha historia mpaka nikastaafu. Aliyenitia ugonjwa huo ni padre Mwayalandi aliyetufundisha sekondari, mmoja wa wale wa Shirika la Roho Mtakatifu waliotumika huku mlimani. Alikuwa mkali sana wa tarehe. Lakini akifika kwenye habari za kwao aliweka chaki chini, akakaa juu ya meza, akatusimulia mambo yasiyokuwepo kwenye mtihani. Ukubwani nimeyasoma tena, na wiki hii yamenirudia yote.

Ayalandi ya karne ya 16, machifu na makabaila walikuwa na desturi ya kuwalaza askari wao kwa wakulima. Askari anafika jioni na kijana wake na farasi wake. Mwenye nyumba atoe chakula cha watu, atoe shayiri ya farasi, atoe mahali pa kulala, bila malipo, kwa siku ambazo bwana mkubwa atapenda. Bunge lililokaa Drogheda mwaka 1494 na 1495 liliipiga marufuku desturi hiyo, na hata hapo haikuwa mara ya kwanza kupigwa marufuku. Waingereza waliitaja kila walipotaka kuonyesha jinsi Waayalandi walivyokuwa washenzi.

Sasa sikilizeni. Kuzunguka mji wa Dublin, katika Meath, Louth na Kildare, palikuwa na eneo lililoitwa Pale. Wenye mashamba wa pale walikuwa na asili ya Kiingereza, raia watiifu wa Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza, na wengi wao Wakatoliki kama sisi. Malkia akaweka askari wa kuwalinda. Na kulindwa kukawa na gharama yake, iliyoitwa cess. (Ndiyo, ni neno lilelile ambalo makaratasi ya Kiingereza ya halmashauri zetu hulitumia kwa ushuru wa mazao. Maneno husafiri.) Tangu zamani gavana alikuwa na haki ya kununua chakula cha nyumba yake kwa bei ya chini. Kuanzia miaka ya 1550 haki hiyo ndogo ikavutwa, ikavutwa, mpaka ikatosha kufunika kikosi kizima. Ng'ombe na nafaka vikachukuliwa kwa bei iliyopangwa na serikali, chini ya bei ya soko, na askari wakalazwa majumbani mwa watu. Alichokatazwa chifu, malkia akakifanya kwa jina jingine.

Watu wakalalamika, tena kwa adabu. Mwaka 1562 wanafunzi 27 wa sheria waliotoka Pale kwenda kusoma London walipeleka malalamiko ya maandishi. Mwaka 1577, gavana akiwa Sir Henry Sidney, wenye mashamba wakawatuma wanasheria watatu wavuke bahari: Barnaby Scurlock, Richard Netterville na Henry Burnell. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuielewa. Hawakukataa kumtumikia malkia. Walisema tozo hii haikupata idhini ya bunge, kwa hiyo si halali. Inasimuliwa kwamba malkia alipoyasikia mateso ya watu aliguswa, akasema anaogopa asije akaambiwa kwamba kundi lake amewakabidhi mbwamwitu badala ya wachungaji. Maneno mazuri mno. Kisha wale watatu waliposhikilia kwamba tozo yenyewe si halali, wakatiwa gerezani London, na baadhi ya waliowatuma wakafungwa huko Dublin.

Malalamiko hayakuisha. Mwaka 1628 Mfalme Charles wa Kwanza aliwapa Waayalandi ahadi 51, zikiwemo za kuwazuia askari wasiwaonee watu, kwa malipo ya pauni 120,000 katika miaka 3. Bunge lilipoitishwa mwaka 1634, ahadi kubwa walizozitegemea hazikufanywa sheria. Walikuwa wameshalipia.

Kuna jambo ambalo padre wetu hakutuambia, nami nimelikuta vitabuni baadaye. Baadhi ya waliolalamika sana mwaka 1577 walikuwa na msamaha. Mashamba yao wenyewe hayakutozwa, mzigo ulikuwa umewalalia wapangaji wao. Sidney ndiye aliyetaka kuufuta msamaha huo, ili kila eneo linaloweza kulimwa kwa plau moja lilipe fedha inayojulikana kwa mwaka, na hapo ndipo sauti za wakubwa zilipopanda. Simlaumu padre. Kila mtu akisimulia ya kwao huacha mifupa chini ya sahani. Lakini tangu nijue hilo, siwezi tena kujiweka upande wa wenye mashamba moja kwa moja. Nikitafuta kiti changu katika hadithi ile, nakikuta upande wa askari.

Na ndipo ninapotaka tukae kidogo, ndugu zangu, kwenye neno la mwisho la Yohane. Aliwaambia askari wasimdhulumu mtu, wasishtaki mtu kwa uongo. Hayo mawili ni mepesi kuyaitikia "Amina". La tatu ni kwamba watosheke na mishahara yao.

Askari wa malkia kule Ayalandi mishahara yao ilikuwa ikichelewa mara kwa mara. Mtu yuko mbali na kwao, kwenye mvua isiyokatika, tumbo tupu, upanga kiunoni, na mbele yake kuna banda la kuku la mtu mwingine. Moyoni anajiambia: mimi nawalinda hawa, silipwi, nikila hapa si wizi, najilipa. Simtetei. Namfahamu.

Nina miaka 11 ya uweka hazina. Silipwi. Vocha ya simu ni yangu, mafuta ya pikipiki ni yangu, viatu vilivyokatika kwenye mabonde ya kata hii ni vyangu. Hesabu hiyo haimo kwenye daftari lolote, ila iko moyoni, nami huihakiki kuliko hesabu ya parokia. Na mtu mwenye deni la namna hiyo hulidai popote. Nikikuta chai, nainywa kama haki yangu. Nikichelewa kuwekewa kiti, nanuna. Mjane akitoa kuku wake, sioni mjane, naona malipo ya nusu ya deni langu. Sikumnyang'anya, wapendwa. Sikupaza sauti. Nilicheka naye! Lakini mama yule alikuwa na wanaume watatu mlangoni, wenye daftari lenye jina lake, waliotumwa na kanisa. Angesemaje?

Viongozi wenzangu wa jumuiya na vigango, akina mama wa WAWATA, vijana wa kwaya, makatekista mnaotembea kwa miguu, nawaambia kwa upendo na ninajiambia kwanza mimi: tukague hesabu hiyo ya moyoni kabla ya Noeli. Kujitolea ambako kila jioni tunakuandika kama mkopo si kujitolea tena. Tulimpa Mungu mchana, na usiku tukaenda kudai kwa watu wake. Kama mafuta ya pikipiki yanatushinda, tuseme kikaoni, jumuiya itatafuta njia. Kama tumechoka, tuombe kupumzika, wapo vijana wanaoweza kuhesabu. Kuomba hadharani ni heshima. Kula kimyakimya ndiko kulikowaharibu wana wa kuhani Eli, na wao walianza na uma tu kwenye sufuria ya nyama ya sadaka. Nehemia alikaa miaka 12 akiwa liwali, hakukila chakula cha liwali, kwa sababu ya kumcha Mungu, wakati wale waliomtangulia waliwalemea watu na hata watumishi wao walijifanya mabwana. Mezani kwake kila siku waliandaliwa ng'ombe mmoja, kondoo sita, na kuku pia. Naye hakumtoza mtu.

Na Samweli alipozeeka alisimama mbele ya watu wote akauliza: nimechukua ng'ombe wa nani? Punda wa nani? Jumapili usiku nilijaribu kuuliza hivyo kwenye sala. Nikaishia kwenye kuku.

Ngoja niseme na la pili, maana nikiacha hapa nitakuwa nimeungama nusu. Mwaka jana ndugu mmoja aliuliza kikaoni ni nani aliyepanga viwango vya michango, na kwa nini hatutoi stakabadhi kwa mazao. Swali halali kabisa, swali la Scurlock na wenzake. Aliyemjibu ni mimi. Nilimwambia asituletee siasa kanisani, watu wakacheka, akakaa chini. Hajaja jumuiya tangu hapo, na kwenye taarifa ya robo mwaka tulimwandika "mlegevu". Malkia alihitaji gereza kuwanyamazisha wale watatu. Mimi ilinitosha kicheko cha watu kumi na tano. Ndugu yangu, najua tafakari hizi zinakufikia kwa njia ya mkeo. Nakuomba msamaha, na Jumatano nakuja kwako kabla ya sala, siyo kukupa hotuba. Daftari nitakuwa nalo, ulisome lote. Stakabadhi tunaanza Jumatano hiyohiyo, za fedha na za mazao, na atakayetupikia chakula naye aandikiwe au tusile.

Jana nilikwenda sokoni nikanunua tetea kwa shilingi 25,000, mkubwa kuliko yule. Nilimtia kwenye kikapu, nikaenda peke yangu, bila katibu na bila daftari. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Mwalimu hujipanga hata kwenye kuungama.

Mama aliniona nikiwa bado mbali, akasimama mlangoni akijifuta mikono kwenye kanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mwalimu."

Nikainama kukishusha kikapu. Kabla sijafungua mdomo akasema kwa upole, "Ile iliyobaki, mwanangu, nivumilieni mpaka kahawa ilipwe." Mjukuu wake alikuwa ameshakimbilia nyuma ya nyumba, na nikasikia mlango wa banda ukifungwa.