Friji za watu kwenye simu yangu

Pasaka ya mwaka jana mama mkwe aliniomba simu aangalie picha za ubatizo wa mjukuu wake. Nikampa bila kuwaza. Akapekua mbili tatu huku anatabasamu, mara akakutana na friji. Baada ya friji, makochi ya kijani. Kisha dada mmoja kasimama mlangoni kwake, kashika kitambulisho cha NIDA chini ya kidevu. Halafu mwingine. Na mwingine.

“Baba, hawa ni akina nani?”

Nikaeleza kwamba mimi ni afisa mikopo, hao ni wateja, na hayo makochi ni dhamana. Akasema haya, ila simu aliirudisha kwa ncha za vidole.

Barua yangu ya ajira haisemi popote kwamba nije na simu. Siku ya kwanza niliombwa namba, nikaunganishwa kwenye magrupu manne ya WhatsApp, basi. Tecno niliyokuwa bado nailipia kidogo kidogo ikawa kamera ya ofisi, kabati la mafaili na kengele ya kuniamsha. Vocha ya ofisi ni elfu kumi kwa mwezi, na bando langu la wiki moja ni elfu tano.

Mwezi wa tisa, jioni, nimekaa dirishani kwenye daladala pale Rangi Tatu. Meneja akaandika kwenye grupu: “Marejesho ya leo?” Nikafungua simu nijibu. Mkono ukaingia. Niliona kiganja na saa ya plastiki, uso sikuuona.

Simu yenyewe ingenunulika nyingine. Shida ni kwamba aliikwapua ikiwa wazi, na ndani mlikuwa na vitambulisho vya watu zaidi ya mia mbili, namba zao, nani anadaiwa shilingi ngapi na analipa lini. Nikaenda polisi kuchukua RB (namba ya kuonyesha umeripoti), kesho yake nikarudisha laini. Ofisini swali la kwanza lilikuwa ripoti ya jana itatumwaje.

Siku ya nne akanipigia mama mmoja anayeuza vitumbua, mteja wangu wa tangu mwanzo. Alipata meseji kutoka namba ngeni, inamwita kwa jina lake, inataja rejesho lake mpaka shilingi ya mwisho, inamwambia atume kwenye “namba mpya ya ofisi”. Akatuma elfu themanini na tano. Angejuaje? Sisi wenyewe ndio tuliomzoesha kutii meseji za namna hiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Anayechukua taarifa za watu inamwita mkusanyaji na inamtwika wajibu wa kuzilinda. Niliisoma nikacheka peke yangu: mkusanyaji ni ofisi, ghala ni mfuko wa suruali yangu.

Kwenye kikao niliomba simu ya kazi, hata moja kwa tawi zima. Nikajibiwa bajeti hairuhusu, halafu nikaaswa niwe makini nikikaa dirishani. Kuhusu zile elfu themanini na tano, mteja bado anadaiwa. Nikatoa arobaini, mama akatoa zilizobaki, na siku hiyo hakunikaribisha kitumbua.

Sasa nina simu ya mtumba kwa ajili ya kazi tu, nimeinunua kwa hela yangu (ndiyo, najua). Saa moja usiku naizima. Meneja ameshalalamika mara mbili.

Yule mama naye ana utaratibu wake. Nikimtumia meseji ya rejesho, hatumi kitu mpaka anipigie.

“Mwanangu, siku ile ya kwanza ulipokuja kwangu ulikalia nini?”

“Ndoo, mama. Ya bluu.”

“Haya, natuma.”