Siku moja maishani mwangu kwenye tope la mikoko

Saa 10:30 alfajiri. Kabla ya chochote natazama jedwali la maji kujaa na kupwa. Leo ni bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita siku nyingine: yatakupwa hadi mwisho saa 4 asubuhi, kisha yajae saa 10 jioni. Kazi yetu ya kurudisha mikoko ili ilinde pwani haijui Jumatatu wala Jumapili. Kwa wastani maji huchelewa dakika 50 kila siku, nasi tunachelewa nayo.

Saa 12:30 asubuhi. Njia yetu inapita kando ya ukuta wa zege uliojengwa kuzuia mmomonyoko. Nyumba za nyuma yake zimesalimika, sibishi. Ila ufuko uliokuwa mbele yake umekwisha. Wimbi likigonga zege hurudi na nguvu zake, likachimba mchanga chini ya ukuta wenyewe, na pale ukuta unapoishia bahari imemega ardhi vibaya zaidi. Palipo na majengo ukingoni kabisa, ukuta hauepukiki. Kinachonikera ni kuujenga penye nafasi tele. Hata Waholanzi, mabingwa wa kuta za bahari, mwaka 2011 walimwaga mita za ujazo milioni 21.5 za mchanga mahali pamoja pwani kwao, wakaziachia mikondo, mawimbi na upepo kazi ya kuusambaza.

Saa 2. Tunaingia kwenye tope, tukianzia kwenye ua: safu mbili za nguzo, katikati matawi yaliyofungwa matita. Anayeuona mara ya kwanza hudhani haujakamilika kwa kuwa una matundu. Matundu hayo ndiyo dawa. Wimbi linapenya, linachoka, na nyuma yake maji yakitulia tope linatuama. Huko Demak, kisiwani Java nchini Indonesia, nyua za aina hii zilitumika kunasa tope kwenye pwani iliyoliwa baada ya mikoko kukatwa ili kuchimba mabwawa ya kufugia samaki na kamba. Nasoma alama kwenye vigingi: nyuma ya ua tope limepanda, mbele halijasogea. Baadhi ya nguzo zimetobolewa na viumbe wa baharini wanaokula mbao. Tunaziwekea alama zibadilishwe.

Saa 4. Maji yamekupwa, uwanda umefunguka hadi mbali, na kishawishi kimefunguka nao. Wageni wa kujitolea wamekuja na miche ya mkoko.

“Hapa pako wazi, mbona tusipande hapa?” anauliza mmoja.

Pako wazi kwa sababu. Mikoko huota sehemu ya juu ya eneo linalofikiwa na maji, mahali panapozama takriban theluthi moja tu ya muda au chini ya hapo. Ukiipeleka chini zaidi, mizizi inakosa hewa. Ufilipino miche mingi mno ilipandwa kwenye tope la chini, hata juu ya nyasi bahari, ikafa. Tena mkoko wenyewe si mti wa kutangulia mbele. Huko mlilana na mchu, aina nyingine za mikoko, ndio wenyeji. Nawaomba wageni waweke miche kivulini na washike majembe. Nyuso zinanuna kidogo. Picha ya mtu na mche ni nzuri kuliko ya mtu na jembe, naelewa.

Saa 5. Hapa ndipo penye kazi ya leo. Kuna bwawa la zamani lililotelekezwa, limezungushiwa tuta la udongo, na ndani yake chumvi imekausha kila kitu. Tunakata tuta pale mkondo wa asili ulipokuwa ukipita. Mzee tunayefanya naye kazi, aliyevua hapa kabla bwawa halijachimbwa, ananisogeza hatua kadhaa kushoto. “Hapana, mwanangu. Maji yalikuwa yanapita hapa.” Napima kimo kwa mpira mwembamba uliojazwa maji, ule wa mafundi ujenzi. Mzee yuko sahihi. Ndipo penye bonde.

Saa 8:30 mchana. Maji yanaingia kwa ulimi mwembamba wa kahawia, kisha kwa kishindo. Juu yake zinaelea mbegu za mchu kutoka msitu wa jirani. Zitakazopenda kimo cha hapa zitaota zenyewe, bila kitalu wala mpandaji.

Saa 10 jioni. Maji yamejaa. Nasubiri kwenye mashua tuvikague vipimo vya mawimbi, kimoja mbele ya miti na kingine nyuma. Tafiti zinaonyesha mita 100 za mikoko hupunguza kimo cha wimbi kwa asilimia 13 hadi 66. Pengo hilo ni kubwa kwa kuwa mengi hutegemea msongamano wa mizizi na kina cha maji. Mafuriko ya dhoruba ni habari nyingine: hapo unahitaji msitu wenye upana wa kilomita, na hata hivyo kila kilomita hushusha maji kwa sentimita chache tu, au makumi machache. Anayeahidiwa kuokolewa na mstari mmoja wa miti anadanganywa.

Saa 1 usiku. Ripoti kwa wafadhili. Fomu ina kisanduku kimoja kikubwa: “Idadi ya miti iliyopandwa leo.” Naandika 0. Hakuna kisanduku cha tuta lililokatwa, kwa hiyo nalieleza pembeni kwa herufi ndogo na kuambatisha picha ya maji yakiingia. Kesho watapiga simu kuulizia hiyo sifuri, na nitakuwa kwenye tope tangu saa 3.